Mwanaume wa Kikundi cha Wanawake

Siku hizi kikundi chetu kinasifiwa na watu ambao wakati ule wasingetupa hata kiti. Mwezi uliopita nilialikwa ukumbini kumsikiliza msomi mmoja akieleza kwa nini filamu zetu zote zilimalizika kwa skrini nyeusi, bila jina la mtu yeyote. Alisema ule ulikuwa msimamo wa kisanaa. Alisema tuliukataa umaarufu wa mtu mmoja mmoja ili kuutukuza umoja wetu. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, kwa sababu nilikuwa nimekalishwa safu ya mbele.

Ukweli ni kwamba tuliwaogopa waume zetu. Na waliokuwa na bahati ya kutowaogopa waume, waliwaogopa mama wakwe.

Msomaji anayeanza leo hatapotea. Balaa langu ni jepesi kueleza. Tulikuwa wanawake wachache tuliofundishana kutengeneza filamu katika chumba cha nyuma cha saluni. Kamera ilikuwa moja, mali ya msusi mwenye saluni, na ndiyo maana tulimwita Mama Kamera. Kila mmoja wetu aliaga nyumbani kwa uongo wake. Fundi cherehani alikwenda mazoezi ya kwaya. Mhariri wetu, ambaye mchana alikuwa karani wa stoo, alikwenda kumuuguza shangazi aliyekwisha kuzikwa zamani. Mimi nilikuwa na kozi ya kompyuta.

Hakuna mwanaume aliyekubali kuigiza kwa amri ya mwanamke. Kwa hiyo sehemu zote za wanaume tuliigiza wenyewe, kwa suruali za kuazima na sharubu zilizokatwa kutoka nywele za bandia za saluni, zikabandikwa kwa gundi ya kope. Katika filamu yangu ya kwanza niliigiza mke anayetoroka na mpenzi wake. Mpenzi aliigizwa na wifi yangu, mdogo wa mume wangu.

Wifi alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha uuguzi. Ada alilipiwa na kaka yake, yaani mume wangu. Mama yao alikwisha kutamka kwamba siku akisikia binti yake yumo katika mambo ya picha, chuo kitakuwa kimeisha. Kwa hiyo kila tulipokutana saluni, kwao Wifi alikuwa zamu ya wodini.

Wiki iliyopita nilieleza jinsi Mama Kamera alivyosambaza kipande cha filamu yangu kwenye simu za watu, ili waje kuitazama. Alichagua mahali ninapotoka nyumba ya wageni, nimeshikwa kiuno na mwanaume mrefu mwenye sharubu. Hakuandika popote kwamba ni filamu. Alisema ingepunguza utamu.

Kipande hicho kilimfikia mume wangu akiwa kazini. Jioni aliiweka simu mezani, kando ya sahani yangu.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe nakujua. Namuulizia aliyekushika."

"Ni filamu, bwana. Tulikuwa tunaigiza."

"Kozi ya kompyuta inafundisha kuigiza?"

Nilimweleza yote yaliyonihusu: saluni, kamera, kikundi. Alinisikiliza kwa utulivu wa mtu anayesubiri uongo ufike mwisho.

"Sawa," alisema. "Ni filamu. Huyu mwigizaji anaitwa nani?"

"Ni mwanamke."

Alikitazama kipande tena. Alikikuza kwa vidole viwili mpaka sharubu zikajaa skrini nzima.

"Mwanamke huyu," alisema, "amenizidi sharubu."

"Ni za saluni."

"Basi mtaje. Mlete hapa. Nimwone huyo mwanamke mwenye sharubu, nikuombe radhi, tule."

Kikundi chetu kilikuwa na sheria nyingi, na zote tulizivunja: kuwahi, kuosha vikombe, kutosengenyana. Tuliyoiheshimu ilikuwa moja tu. Jina la mwenzako halitamkwi nje ya mlango wa saluni. Na hata kama sheria isingekuwepo, aliyekuwa akiniuliza ndiye aliyekuwa akilipa ada ya chuo.

"Siwezi kumtaja," nilisema.

"Najua huwezi. Jumapili tunakwenda kwa Mama. Utawaambia wazee mwenyewe kwamba huwezi, kisha utafunga mizigo urudi kwenu."

Alivuta sahani yake akaanza kula. Alikula vizuri.

Kesho yake nilikimbilia saluni. Kikundi kiliitisha kikao cha dharura katika chumba cha nyuma, tukakaa juu ya makreti kama kawaida. Wifi hakuwepo. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alikuwa wodini kweli.

"Ndugu zangu, mwenzetu amepatwa," alianza Mama Kamera. "Tunafanyaje?"

"Tunasimama naye," alisema fundi cherehani.

"Vizuri sana. Nani atakwenda kusimama naye Jumapili, awaambie wazee kwamba hii ni filamu?"

Makreti yalilia. Kila mtu alikuwa akijikalisha upya.

"Jumapili mimi naimba," alisema fundi cherehani.

"Huna kwaya, dada," nilimkumbusha. "Kwaya ni uongo wako."

"Ndiyo, lakini mume wangu ameniambia anakuja kunisikiliza. Nimeshamwahidi. Hata sijui nitaimba wapi."

Mhariri aliinua mkono. Nilimtazama kwa matumaini.

"Kikao kitakuwa sebuleni?" aliuliza.

"Sebuleni."

"Dirisha liko upande gani?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu, kwa ajili ya mwanga."

"Hamtanirekodi nikiachika."

"Hakuna aliyesema utaachika," alisema, akionekana kuumia. "Tumesema kikao. Kuachika kunategemea."

Nilimgeukia Mama Kamera, nikamwomba angalau awatangazie watu kwamba kipande kile ni filamu.

"Kipande kinapendwa, mdogo wangu," alisema. "Filamu zetu zote tangu tuanze hazijapata nusu ya watazamaji hao. Nikisema leo kwamba ni filamu, watajiona wamedanganywa."

"Wamedanganywa kweli."

"Sasa unataka wajue?"

Mwishowe walipitisha azimio. Kikundi kilitamka kwamba kinajivunia ujasiri wangu. Lilipita bila kupingwa, kisha kila mmoja akakimbilia kwake kabla uongo wake haujachacha. Azimio hilo nalo lilisomwa ukumbini mwezi uliopita. Msomi alipofika kwenye neno ujasiri, sauti yake ilitetemeka.

Jumapili ilifika. Sebule ya mama mkwe ilikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufumwa, na ukutani ilitundikwa picha ya marehemu baba mkwe, amevaa suti. Mama mkwe alikaa chini ya picha hiyo. Baba Mdogo, ndugu wa marehemu, alikaa pembeni yake. Mume wangu alisimama, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na simu. Mimi nilipewa kigoda.

Wifi aliingia na sinia ya chai. Alipoona simu ikitolewa mfukoni, alisimama palepale na sinia yake mikononi.

"Mama, utanisamehe kwa utakayoyaona," alisema mume wangu, akampa simu.

Mama mkwe alivaa miwani. Alitazama mara moja. Akatazama tena. Nilisubiri matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi tangu asubuhi.

"Mtu huyu namfahamu," alisema.

Vikombe vilicheza kwenye sinia.

"Unamfahamu, Mama?"

"Hebu subiri." Aliinua macho kwenye picha ya ukutani, akayarudisha kwenye simu. Alifanya hivyo mara kadhaa. Ilikuwa sura ileile: paji la uso lilelile, kidevu kilekile, na sharubu zilezile, kwa kuwa Wifi alizichonga kwa kufuata hiyo hiyo picha ya baba yake.

Binti aliyemzaa, akamsuka na kumwogesha, alikuwa amesimama mbele yake na sura hiyo hiyo juu ya sinia ya chai. Hakumwona. Wote walikuwa wakimtafuta mwanaume, kwa hiyo walimwona mwanaume.

Mama mkwe alivua miwani, akamgeukia shemeji yake polepole.

"Baba Mdogo. Huyu ni mtoto wa nani?"

Yangeweza kuishia hapo. Baba Mdogo alitakiwa tu kusema hajui. Lakini alikuwa mtu mzima aliyebeba siri ya ndugu yake kwa miaka, na alipoona sura ile kwenye simu alidhani siri imekwisha kufumuka.

"Shemeji," alisema, "mimi nilimwambia kaka awalete nyumbani mapema."

"Awalete? Ni wangapi?"

"Mmoja, shemeji. Ninayemjua mimi ni mmoja."

Hakuna aliyegusa chai. Mama mkwe hakulia wala hakupaza sauti. Aliuliza maswali mafupi, na kila swali lilimtoa Baba Mdogo jibu refu kuliko alivyokusudia. Mwanamke aliishi mji mwingine. Mtoto alikuwa wa kiume. Zile safari za kikazi za marehemu hazikuwa zote za kikazi.

"Yuko wapi sasa?" aliuliza mama mkwe.

"Sijui, shemeji. Mara ya mwisho nilimwona akiwa mwanafunzi."

Mume wangu, ambaye huchelewa kidogo kuelewa mambo, ndipo alipofika.

"Kwa hiyo mke wangu anatembea na kaka yangu?"

"Mdogo wako," alisahihisha Baba Mdogo. "Wewe ulitangulia."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeishi na marehemu baba mkwe vizuri, na sasa alikuwa akivuliwa nguo mbele ya wanawe kwa sababu ya kipande cha nywele za bandia. Nilimtazama Wifi. Alitikisa kichwa kidogo sana, hapana.

Nilifunga mdomo.

"Mkwe," aliniita mama mkwe. "Huyu mtu wewe unajua anapopatikana."

"Mama, huyu si..."

"Sikuulizi ni nani wako. Nimeshajua ni nani wangu. Jumapili ijayo utamleta hapa. Nataka nimtazame usoni. Asipokuja, mwanangu atakusindikiza kwenu jioni hiyo hiyo."

Baba Mdogo aliomba radhi, akatoka nje kupiga simu. Wakati ule nilidhani anamtafuta mkewe amfariji.

Nilimfuata Wifi jikoni. Alikuwa akiosha vikombe ambavyo havikunywewa.

"Wifi, maji yamenifika shingoni," nilimwambia kwa kunong'ona. "Naomba useme. Au nipe ruhusa nikutaje."

"Ukinitaja, narudi kukaa hapa jikoni mpaka nizeeke. Nimebakiza mitihani tu, wifi yangu."

"Na mimi nimebakiza siku za wiki moja."

Alisugua kikombe kwa muda.

"Nina ndugu," alisema. "Umesikia? Baba alikuwa na mtoto mwingine, na watu wote hapa wanaulizana mke wa kaka amefanya nini."

"Nimesikia. Pole."

"Nitakuja Jumapili."

"Wewe upo kila Jumapili."

"Nitakuja nikiwa yeye."

Nilitafuta kiti. Jikoni mle hakikuwemo.

"Sikiliza," alisema, na sasa alikuwa akiongea haraka. "Mama anataka kumwona mwanaume, atamwona. Nitasema sijawahi kuwa na uhusiano nawe, kwamba mliniokota mtaani niigize. Ni filamu. Wewe umesema ni filamu wiki nzima, nani amekusikia? Mwanaume akisema ni filamu, itakuwa filamu."

Nilitafuta kosa katika hoja hiyo. Nimeendelea kulitafuta mpaka leo.

"Na Baba Mdogo atamwambia mtoto wa kiume wa kaka yake mambo ambayo mimi hataniambia kamwe," aliongeza. "Nataka kuyasikia, wifi."

"Na wewe utakuwa wapi? Wakiuliza."

"Zamu ya wodini."

"Na chai?"

"Utapika wewe. Si wewe ndiye mshtakiwa?"

Wiki ile tulifanya mazoezi saluni. Sijawahi kumwongoza mwigizaji kwa bidii kama ile. Nilimfundisha kuketi kama mtu ambaye hajawahi kuombwa ahamie kiti kingine. Nilimfundisha kukohoa kabla ya kusema, ili watu wanyamaze. Mama Kamera alitengeneza sharubu mpya, nene zaidi. Fundi cherehani aliipunguza mabegani suti tuliyoiazima, huku akijifunza wimbo, maana mumewe alikuwa ameahirisha kuja kumsikiliza mpaka Jumapili hii. Mhariri aliuliza tena habari za dirisha, nikamfukuza.

"Gundi itashika?" nilimuuliza Mama Kamera.

"Utazivuta wewe mwenyewe pale mlangoni. Zikikataa kutoka, jua kazi imekwisha."

Jumapili, wazee waliketi vilevile. Mama mkwe alikuwa amevaa nguo zake za kwendea harusini, kwa sababu anazozijua yeye. Mume wangu aliniletea sanduku langu mpaka pale sebuleni, akalisimamisha kando ya kigoda, likiwa tupu na wazi. Nilimimina chai kwa mkono uliokuwa mtulivu. Nilikuwa na mwigizaji mzuri, na hilo ndilo pekee lililonipa nguvu.

Mlango uligongwa. Nilikwenda kufungua.

Alikuwa amesimama na suti yake, mrefu, paji la uso la marehemu, kidevu cha marehemu. Nilijivunia. Hata jasho lilikuwa mahali pake. Nilijitokeza nje nusu mwili, nikauvuta mlango nyuma yangu ili wasitusikie.

"Umewahi," nilimnong'oneza. "Kumbuka: kohoa kwanza. Na usikae ukingoni mwa kochi, wewe si mgeni, wewe ni mwanaume."

Alinitazama kwa mshangao mzuri sana. Sikuwa nimemfundisha ule.

Nilinyoosha mkono, nikashika sharubu zake, nikavuta. Zilishika. Nikavuta kwa nguvu zaidi, kwa uhakika.

"Shemeji," alisema mtu yule kwa sauti nzito iliyotoka tumboni, huku machozi yakimlenga, "unaniumiza."

Nilimwachia. Mkono ulibaki hewani.

Mlango ulifunguliwa nyuma yangu. Alikuwa Baba Mdogo, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo.

"Karibu, mwanangu. Karibu nyumbani," alimwambia, kisha akanigeukia mimi. "Nimemtafuta wiki nzima, mkwe. Nimepiga simu mpaka kwa watu niliokosana nao. Nilijua wewe utaona haya kumleta."

Alimshika mkono akamwingiza sebuleni. Nilisikia makochi yakilia, watu wote wakisimama kwa pamoja. Nilisikia mama mkwe akivuta pumzi. Mgeni alisimama katikati ya chumba, akiushika mdomo wake wa juu. Alimsalimia mama mkwe kwa heshima na kumpa pole ya msiba ambao hakualikwa kuhudhuria.

Mama mkwe hakuitikia. Alikuwa akitazama nje, kupitia mlango ambao nilikuwa bado nimeushika.

Niligeuka. Getini alikuwa akiingia mwanaume mrefu mwenye suti iliyopunguzwa mabegani. Alitembea kwa hatua pana, mkono mmoja mfukoni, kama nilivyomfundisha. Alipanda ngazi, akafika mlangoni, akakohoa ili watu wanyamaze. Wote walikuwa wamekwisha kunyamaza.

Kisha Wifi akaiona sura ya baba yake, hai, sebuleni kwa mama yake. Hatua pana zilimwishia. Nilimwona akisahau jinsi ya kusimama.

Wakatazamana, ana kwa ana, kama mtu na kioo.

Mume wangu alitoa simu, akakitafuta kipande kile, akainyanyua usawa wa uso wa mmoja, kisha wa mwingine. Alirudia. Hakufika popote.

Mama mkwe alivaa miwani yake. Aliwapita wote wawili, akaja kusimama mbele yangu, karibu kabisa.

"Nyoosha kidole," aliniambia. "Uliyetoka naye kule nyumba ya wageni ni yupi?"

Mgeni alinitazama bila kuelewa lolote. Wifi alinitazama akielewa yote.

Niliinua mkono.